Namna ya Kukadiria Kipato Ambacho Waliojiajiri Hawakitangazi kwa Mamlaka ya Kodi

Mpishi mmoja wa chapati, ambaye nilikaa kando ya kibanda chake jijini Nairobi tangu alfajiri hadi alipozima jiko, aliniambia asubuhi bila kusita kwamba huuza chapati "kama mia hivi" kwa siku. Jioni nilihesabu pakiti tupu za unga zilizosukumwa chini ya meza. Zilikuwa saba, za kilo mbili kila moja, na kwa mkono wake pakiti moja hutoa chapati 22. Saba mara 22 ni 154. Tukiondoa kumi zilizoungua au kuliwa na yeye na msaidizi wake, zinabaki 144 zilizouzwa. Karibu theluthi moja ya mauzo ya siku ile haikuwamo katika jibu lake la asubuhi. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alicheka, akaanza kuhesabu upya kwa vidole, akazikumbuka chapati walizochukua mafundi wa gereji kwa deni, na nyingine ambazo fedha zake zilitumwa moja kwa moja kwenye simu ya mkewe. Hakuwa amenificha chochote. Alikuwa amehesabu noti zilizomo mfukoni mwa aproni, basi.

Ninaanza na kibanda hiki kwa sababu mtafiti anayetaka kujua waliojiajiri huficha kipato kiasi gani hukutana kwanza na kile walichokisahau, na asipotenganisha mambo hayo mawili atamwita mkwepa kodi mtu asiye na daftari. Hatua zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uchumi, ofisa wa takwimu au mwanahabari anayetaka kufanya makadirio haya kwa takwimu za Kenya, ingawa njia yenyewe ilizaliwa Uingereza na imetumika katika nchi nyingi.

Hatua ya kwanza: amua unapima kitu gani

Maneno "kipato kinachofichwa" hubeba maana nne ambazo huchanganywa hata katika ripoti za wasomi. Yaweza kuwa faida ambayo mfanyabiashara hakuitangaza, au mauzo ghafi ambayo hakuyaandika, au kodi ambayo serikali ilipaswa kupata isiipate, au thamani ya shughuli zote zisizo rasmi nchini. Kiasi cha kimoja hakiwezi kugeuzwa kuwa cha kingine bila hesabu ya kati, na zipo shughuli ambazo ni kubwa kwa maana ya nne lakini ni sifuri kwa maana ya tatu. Nchini Kenya, ambako zaidi ya asilimia 80 ya ajira imo katika sekta isiyo rasmi tunayoiita jua kali, kosa la kuchanganya maana hizi huzaa vichwa vya habari vya mabilioni ambayo hayapo. Mwongozo huu unapima ya kwanza, yaani faida ya kaya zilizojiajiri, kisha katika hatua ya mwisho unaigeuza kuwa ya tatu kwa uangalifu.

Amua pia kipato hicho hakikutangazwa kwa nani. Takwimu za kaya zinazokusanywa na KNBS, shirika la takwimu la Kenya, huonyesha kile ambacho mtu alimwambia mdadisi aliyebisha hodi nyumbani kwake, na kile alichokijaza katika fomu ya KRA, yaani mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 30 Juni ni jambo jingine. Wako wanaomwambia mdadisi ukweli kwa kuwa hamwogopi, ilhali katika fomu ya kodi hujaza sifuri mwaka baada ya mwaka. Ukitumia takwimu za kaya peke yake, umekubali kudhani kwamba mtu huwapa wote wawili jibu lile lile. Wachumi Erik Hurst, Geng Li na Benjamin Pugsley walilichunguza jambo hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014: waliojiajiri walipunguza kipato chao kwa takriban asilimia 25 hata mbele ya watafiti ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kodi. Huo ni ushahidi kwamba mazoea ya kutaja kiasi pungufu humfuata mtu nje ya ofisi ya kodi, lakini hauthibitishi kwamba viwango viwili vinalingana, na dhana yako lazima uiandike wazi katika ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Hatua ya pili: tafuta alama ambayo mtu haoni haja ya kuificha

Huwezi kumuuliza mtu anachokificha. Unachoweza ni kutafuta kitu kinachopanda na kushuka pamoja na kipato chake halisi, ambacho yeye mwenyewe hana sababu ya kukitolea hesabu ya uongo. Mwaka 1857 Ernst Engel, mtakwimu wa Saxony, alionyesha kwamba kadiri kaya inavyozidi kupata, ndivyo sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye chakula inavyopungua, ingawa kiasi chenyewe kinaongezeka. Uhusiano huo ni mtulivu kiasi cha kuweza kusomwa kinyumenyume: ukijua kaya inakula kwa kiasi gani, unaweza kukisia inapata kiasi gani.

Christopher Pissarides na Guglielmo Weber ndio walioigeuza kanuni hiyo kuwa kipimo cha ukwepaji, katika makala waliyochapisha mwaka 1989 wakitumia utafiti wa matumizi ya kaya za Uingereza wa mwaka 1982. Hoja yao inaelezeka hata kwa mtu asiyependa hesabu. Mwajiriwa hukatwa kodi kabla mshahara haujamfikia, kwa hiyo kipato anachokitaja kinaaminika. Aliyejiajiri anaweza kutaja kipato pungufu, lakini akiulizwa juma lililopita alinunua mkate, maziwa na nyama vya shilingi ngapi, atajibu kama mtu mwingine yeyote. Ikiwa kaya mbili zina idadi sawa ya watu, umri sawa na kipato kinachotajwa sawa, lakini ile iliyojiajiri inakula zaidi, basi ziada hiyo ya chakula ni dalili ya kipato ambacho hakikutajwa. Walihitimisha kwamba kipato halisi cha waliojiajiri kilikuwa wastani wa mara 1.55 ya kile walichokitaja, na kwamba uchumi uliofichika kwa njia hiyo ulifikia takriban asilimia 5.5 ya pato la taifa.

Kabla ya kuikubali alama ya chakula kwa Kenya, ichunguze. Mwenye duka hutwaa sukari na mafuta kwenye rafu yake mwenyewe na haoni kwamba amenunua. Mkulima anayeuza mboga sokoni hula zilizobaki. Dereva wa matatu hula mchana hotelini kwa fedha za siku kabla ya kupeleka hesabu kwa mwenye gari. Katika hali hizi zote chakula kinachotajwa ni kidogo kuliko kinacholiwa, na makadirio yako yatashuka chini ya ukweli. Utafiti wa bajeti ya kaya wa Kenya wa 2015/16, ambao sampuli yake ilipangwa kuwa kaya 24,000, uliuliza kuhusu chakula cha siku saba na kutenganisha kilichonunuliwa, kilichozalishwa nyumbani na kilichopokewa kama zawadi; jumlisha vyote vitatu, na usiridhike na safu ya manunuzi peke yake. Karo za shule na tokeni za umeme hushawishi kama alama mbadala. Mimi huzitumia kuhakiki tu, kwa kuwa karo hulipwa hata na ndugu walioko ng'ambo, na mita moja ya umeme mara nyingi huhudumia nyumba na saluni iliyo mbele ya nyumba.

Hatua ya tatu: tenganisha makundi mawili ya kaya

Kundi la ulinganisho ndilo linalobeba uzito wa hesabu nzima, na ndipo kazi nyingi nilizosoma zinapoporomoka. Usichukue kila anayejiita mwajiriwa. Mfanyakazi wa kibarua anayelipwa mkononi kila jioni hana tofauti na aliyejiajiri kwa upande wa uaminifu wa takwimu zake. Chukua wale wanaokatwa kodi kwenye mshahara: walimu wa serikali, wauguzi, polisi, wafanyakazi wa benki na viwanda vilivyosajiliwa. Kisha tumia kipato kinachobaki baada ya kodi na makato ya lazima, kwa kuwa hicho ndicho kinachofika jikoni. Mkopo wa Sacco unaokatwa juu kwa juu si kodi. Ni deni ambalo mtu alilichagua, hivyo usiuondoe kwenye kipato cha mwalimu ikiwa hukuondoa marejesho ya mkopo kwenye kipato cha mwenye duka.

Kaya inayohesabiwa kuwa imejiajiri inahitaji mpaka pia. Pissarides na Weber waliweka mpaka wa robo: kaya ambayo zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake kinatokana na kujiajiri iliingia kundi hilo. Mpaka huo unafaa kuanzia, lakini jaribu pia asilimia 50 na uone kama matokeo yanayumba. Ugumu wa Kenya ni kwamba mwalimu yule yule uliyemweka kwenye kundi la waaminifu ana pikipiki mbili za bodaboda zinazoleta fedha kila jioni, na hizo hazimo katika hati yake ya mshahara wala katika jibu lake kwa mdadisi. Kundi lako la ulinganisho, basi, nalo linaficha kidogo. Matokeo yake yanajulikana mwelekeo: tofauti kati ya makundi itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na kadirio lako litakuwa kiwango cha chini.

Ondoa katika sampuli kaya ambazo mkuu wake amestaafu, zile ambazo hakuna anayefanya kazi, na wakulima wanaolima kwa ajili ya kula tu. Ugawe pia mji na mashamba, kwa kuwa bei za chakula za Nairobi na za Kitui haziwezi kukaa katika mlinganyo mmoja bila kurekebishwa.

Hatua ya nne: fanya hesabu, kwanza kwa mkono

Kabla ya kufungua programu yoyote, ifanye hesabu hii kwenye karatasi, kwa sababu asiyeweza kuifanya kwa mkono hataweza kutambua programu inapompotosha. Takwimu za mfano huu nimezitunga. Chukua kaya za waajiriwa zenye watu watano ambazo kipato chao kwa mwezi ni shilingi 60,000. Zinatumia shilingi 30,000 kwa chakula. Chukua kaya zilizojiajiri zenye watu watano ambazo nazo zinataja shilingi 60,000. Hizi zinatumia shilingi 36,000. Sasa rudi kwa waajiriwa na uulize: ni waajiriwa wa kipato gani wanaokula kwa shilingi 36,000? Tuseme ni wale wa shilingi 80,000. Kwa hiyo kaya iliyojiajiri inaishi kama kaya ya 80,000 huku ikitaja 60,000. Kipato halisi ni mara 1.33 ya kilichotajwa, na kilichofichika ni shilingi 20,000, ambayo ni robo ya kipato halisi na theluthi ya kipato kilichotajwa. Andika siku zote ni sehemu ya kipi, maana msomaji akiona asilimia 33 katika aya moja na asilimia 25 katika aya nyingine atadhani umekosea, na mwanasiasa atachukua ile inayomfaa.

Kwa sampuli nzima, jambo lile lile hufanywa kwa regresheni, yaani mlinganyo wa kitakwimu unaotenganisha mchango wa kila sifa. Upande wa kushoto weka logi asilia ya matumizi ya chakula. Upande wa kulia weka logi asilia ya kipato kilichotajwa, alama ya 1 kwa kaya iliyojiajiri na 0 kwa isiyojiajiri, kisha sifa za kaya: idadi ya watoto na watu wazima, umri na elimu ya mkuu wa kaya, kaunti, mji au mashamba, na mwezi ambao mdadisi alifika. Mwezi usiusahau, kwa kuwa kaya iliyohojiwa Desemba au wakati wa Ramadhani haili kama iliyohojiwa Februari. Regresheni itakupa vizigeu viwili unavyovihitaji, yaani namba zinazoonyesha uzito wa kila sifa katika mlinganyo. Cha kipato ndicho unyumbufu wa chakula, yaani chakula huongezeka kwa asilimia ngapi kipato kikiongezeka kwa asilimia moja. Cha alama ya kujiajiri ndiyo ziada ya chakula isiyoelezwa na chochote kingine. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, kisha chukua kipeo cha jawabu, yaani inua e (msingi wa logi asilia, takriban 2.718) kwa jawabu hilo, nawe umepata kipato halisi ni mara ngapi ya kilichotajwa.

Katika mfano wetu ziada ni logi ya 1.2, takriban 0.182, na unyumbufu ni takriban 0.634. Ukigawanya unapata 0.288, na kipeo chake ni 1.33, sawa na tulivyopata kwa mkono.

Hatua ya tano: rekebisha kabla hujaamini

Sehemu hii ndiyo inayochukua majuma, na ukiiruka ni heri usingeanza.

Kosa kubwa kuliko yote liko katika unyumbufu. Watu hawali kwa kufuata kipato cha mwezi huu. Hula kwa kufuata kipato wanachokitarajia kwa muda mrefu. Mwendesha bodaboda aliyepata shilingi 15,000 mwezi wa mvua hatapunguza ugali kwa nusu, kwa kuwa anajua mwezi ujao utakuwa tofauti. Kipato cha mwezi mmoja kina kelele nyingi, yaani mayumbo ya muda mfupi, na kelele hiyo huusukuma unyumbufu chini kuelekea sifuri. Angalia kinachotokea: ikiwa badala ya 0.634 regresheni imekupa 0.4, ziada ile ile ya 0.182 ikigawanywa inatoa takriban 0.456, na kipeo chake ni 1.58. Sehemu iliyofichwa imeruka kutoka asilimia 25 hadi takriban 37 ya kipato halisi bila mtu yeyote kuficha shilingi zaidi. Dawa yake ni kutotumia kipato cha mwezi kilivyo, bali kukikadiria kwanza kwa vitu visivyobadilika haraka, kama elimu ya mkuu wa kaya, aina ya paa na sakafu, idadi ya vyumba na umiliki wa mali za kudumu, kisha kutumia kipato hicho kilichokadiriwa katika regresheni. Ukibahatika kupata takwimu zinazoirudia kaya ile ile kwa miaka kadhaa, wastani wa miaka hiyo ni bora zaidi.

Kosa la pili ni kwamba kipato cha waliojiajiri huyumba zaidi kuliko cha waajiriwa hata kama hakuna anayeficha, na wastani wa logi za namba zinazoyumba sana hauko sawa na logi ya wastani wake. Pissarides na Weber walilitambua jambo hili na kulishughulikia kwa kulinganisha mtawanyiko wa vipato vya makundi mawili, jambo lililowapa mpaka wa chini na wa juu badala ya namba moja. Nawe fanya hivyo.

La tatu ni tabia. Huenda waliojiajiri wanapenda kula vizuri, au wanafanya kazi nzito inayodai chakula zaidi, au wanawapikia vijana wa kazi ambao hawakuhesabiwa kuwa wanakaya. Njia ya kuhakiki ni kurudia hesabu kwa chakula cha aina mbalimbali, kwa mfano nafaka peke yake, kisha nyama na maziwa, na kuona kama jawabu linabaki karibu na lilipokuwa. Likipanda na kushuka sana, unapima ladha na huenda ukwepaji haumo kabisa.

La nne ni lile la mpishi wa chapati. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walifanya jaribio kwa wafanyabiashara wadogo wa Sri Lanka, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na waligundua kwamba mauzo yalitajwa pungufu kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo huenda sehemu ya pengo lako si siri, ni ukosefu wa kumbukumbu. Ukiweza, wape waliojiajiri wachache madaftari ya mauzo kwa juma moja au mawili, linganisha na majibu waliyokuwa wametoa kwa mdomo, na upunguze pengo la jumla kwa kiasi hicho.

Mwisho, usitoe namba moja bila mipaka. Kwa kuwa jawabu linatokana na kugawanya kizigeu kwa kizigeu, makosa madogo ya kila kimoja huzidishwa. Chagua upya sampuli kwa bahati mara 1,000, ukichukua maeneo mazima ya uhesabuji (vitongoji ambavyo sampuli ilichaguliwa kwavyo) na si kaya mojamoja, rudia hesabu kila mara, kisha toa mpaka ambamo asilimia 95 ya majawabu yameangukia.

Hatua ya sita: linganisha na njia nyingine

Ukaguzi wa nasibu ndio kipimo chenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa mkaguzi huingia ndani ya vitabu vya mtu aliyechaguliwa kwa bahati nasibu wala si kwa kushukiwa. Denmark ilifanya hivyo kwa kodi za mwaka 2006 ikihusisha zaidi ya walipakodi 40,000, na matokeo yakawa kwamba ukwepaji ulikaribia sifuri kwa kipato ambacho mwajiri au benki ilikuwa imekwisha kukiripoti, lakini ulikuwa mkubwa pale ambapo mlipakodi alijitangazia mwenyewe. Makadirio ya mamlaka ya kodi ya Marekani yanasema hivyo hivyo kwa namba: kipato cha mshahara hutangazwa pungufu kwa takriban asilimia 1, na kipato ambacho hakuna mtu wa tatu anayekiripoti, kama cha biashara ya mtu binafsi, kwa takriban asilimia 55. Ukiona kadirio lako la Kenya liko chini ya robo huku mahali penye wakaguzi wengi pana zaidi ya nusu, usishangilie uaminifu wa Wakenya. Rudi kwenye kundi lako la ulinganisho na uhesabu pikipiki za walimu.

Ugiriki ilitoa njia nyingine ambayo ninaipenda kwa werevu wake. Nikolaos Artavanis, Adair Morse na Margarita Tsoutsoura walitumia takwimu za mikopo za benki moja kubwa. Mkopeshaji anataka kurudishiwa fedha zake, kwa hiyo hutazama kipato anachoamini mtu anacho, wala haishii kwenye karatasi ya kodi. Waliona waliojiajiri wakitumia wastani wa asilimia 82 ya kipato walichotangaza kulipa madeni tu, jambo ambalo mtu anayekula na kulipa kodi ya nyumba hawezi kulifanya. Walikadiria kwamba mwaka 2009 angalau euro bilioni 28 za kipato hazikutangazwa, na waliotia fora walikuwa madaktari, wanasheria, wahandisi na walimu wa masomo ya ziada. Liweke hilo akilini unapogawa matokeo yako kwa kazi, maana rahisi ni kuelekeza kidole kwa mama mboga, hali kliniki ya mtaa wa pili inapokea fedha kwa nambari binafsi ya simu ya daktari na nambari ya biashara imebandikwa ukutani kama pambo.

Takwimu za mikopo au za miamala ya simu huwezi kuzipata bila idhini, na ukizipata ni lazima majina na nambari ziwe zimeondolewa kabla hazijakufikia. Usimtambue mtu mmojammoja. Njia ya chakula inatoa wastani wa kundi, na kaya inayokula vizuri kuliko kipato chake yaweza kuwa imetumiwa fedha na mtoto aliyeko Qatar.

Hatua ya saba: geuza kipato kuwa kodi

Wengi huchukua kipato kilichofichwa, wakakizidisha kwa asilimia 30, wakatangaza hasara ya serikali. Kenya haitozi hivyo. Tangu Julai 2023, mfanyabiashara mkazi ambaye mauzo yake ghafi kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayazidi milioni 25 hulipa asilimia 3 ya mauzo hayo, bila kujali faida, isipokuwa amechagua kulipa kwa utaratibu wa kawaida. Rudi kwenye kaya yetu ya mfano iliyoficha shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka, na tuseme tayari inatangaza mauzo ya milioni 3.6. Ikiwa faida yake ni asilimia 20 ya mauzo, kipato hicho kinatokana na mauzo yaliyofichwa ya shilingi milioni 1.2, na asilimia 3 yake ni shilingi 36,000. Mwenye kuzidisha kwa asilimia 30 angetangaza 72,000, mara mbili kamili ya ukweli. Fanya hesabu hii kwa kila kaya katika sampuli, ukitumia kiwango cha faida kinacholingana na aina ya biashara, kisha ndipo ujumlishe kwa kutumia uzito wa sampuli, yaani idadi ya kaya nchini ambazo kila kaya ya sampuli inaziwakilisha. Kiwango kimoja cha faida kwa biashara zote kitaharibu kila kitu ulichokijenga, kwa kuwa muuza jumla wa sukari na kinyozi hawana faida inayofanana.

Baadhi ya kaya zitatoa sifuri, na sifuri hizo lazima zibaki katika jumla. Mpishi wangu, kwa mfano. Chapati 144 kwa shilingi 20 ni shilingi 2,880 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka mzima mauzo yake yote, pamoja na ya mafundi wa gereji na yale ya simu ya mkewe, ni shilingi 898,560. Hajafika milioni moja. Faida yake ikiwa robo ya mauzo ni shilingi 224,640, ambayo iko ndani ya shilingi 288,000 za kwanza zinazotozwa asilimia 10, na nafuu ya binafsi, yaani kiasi anachopunguziwa kila mlipakodi kwenye kodi yake, ya shilingi 28,800 kwa mwaka inaifuta kodi hiyo yote. Katika safu ya kipato kisichotajwa ataingia na karibu theluthi ya mauzo yake. Katika safu ya kodi iliyopotea, mwandikie 0.